Sindano za Mwana Tumu

Enzi zile merikebu za China zilipokuwa zikija pwani yetu na hariri na kaure, zikirudi na pembe na ambari, mji wa Uwinje ulikuwa mji wa watu. Kuta zake zilipakwa chokaa zikameta, na msafiri aliuona kabla hajaisikia adhana yake. Mabibi walitoka wamejitanda nguo za hariri, na katika kila nyumba ya heshima bakuli za kaure zilijengewa ukutani. Leo pamebaki magofu na mbuzi. Lakini wale ambao babu zao walitoka huko wangali wakiusimulia, na wakiusimulia sauti zao hushuka.

Katika mji huo aliishi mwanamke aitwaye Mwana Tumu binti Haji, mpiga chuku. Aliirithi kazi hiyo kwa mamaye: kuchanja ngozi kwa wembe, kubandika pembe, kuifyonza damu mbaya itoke. Lakini alikuwa na elimu ya pili, ambayo pwani nzima hapakuwa na mwingine aliyeijua. Merikebu za mwisho za China zilipong'oa nanga zilimwacha nyuma tabibu wao, Lau, aliyekuwa hoi kwa homa. Mamaye Mwana Tumu akamuuguza mpaka akapona, wala merikebu hazikurudi tena. Lau akaishi Uwinje miaka kumi na mmoja, akila samaki wa tui na kulalamika kwamba wali wetu haushikamani, na katika miaka hiyo akamfundisha Mwana Tumu kazi ya sindano.

"Mwili una mito," alimwambia, "na katika mito hiyo hupita pumzi ya uhai. Pumzi ikikwama, mtu huugua. Sindano huizibua njia."

Sindano zenyewe zilikuwa nyembamba kama unywele, nazo hazikutoa damu. Lau hakumchoma mtu hata mara moja akiwa na hasira. Siku moja aligombana na mchota maji, akamwacha mgonjwa wake akingoja mpaka alipokwisha kuchagua kibaba kizima cha mchele, chembe kwa chembe.

"Sindano ni mlango tu," alisema. "Kinachopita mlangoni ni nia ya mwenye mkono."

Mwana Tumu akacheka. "Hata sisi twasema hivyo, baba. Nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu."

Lau akamtaka alirudie neno hilo, akaliandika kwa herufi za kwao.

Lau alikuwa amekwisha kuzikwa wakati Fumo Sanga, mtawala wa Shakwe, alipoushukia Uwinje na watu elfu mbili. Ugomvi ulikuwa juu ya siwa ya pembe ya ndovu, baragumu la enzi, ambayo kila mji ulidai ni yake. Siku ya kwanza Washakwe waliviteka visima vilivyokuwa nje ya ukuta. Vijana wa Uwinje wakatoka kuvipigania kwa mikuki na ngao za ngozi ya kifaru, na arobaini hawakurudi. Mmoja wao alikuwa Ngwali, ndugu wa pekee wa Mwana Tumu.

Mwezi wa tatu wa mazingiwa, maji ya mvua yaliyokingwa katika mabirika ya mjini yalikuwa tope la kijani. Watoto walianza kufa. Ndipo akaja mjumbe wa Shakwe chini ya kitambaa cheupe. Fumo Sanga, alisema, ameshikwa na maumivu ya nyonga yanayomshuka mguuni hata kisigino. Siku ishirini hajaketi wala hajalala. Huamuru vita amesimama, ameegemea mkuki. Amesikia habari za mwanamke wa sindano. Anamwomba, na amempa amani ya kwenda na kurudi.

Waziri wa Uwinje, Mwinyi Jaha, akamwita Mwana Tumu barazani, akamkabidhi kipembe kidogo kilichozibwa kwa nta.

"Ni sumu ya mishale," akasema. "Ichovye sindano moja tu. Mungu ameileta shingo yake mikononi mwako."

"Na mimi je, Mwinyi?"

"Wewe tutakulilia, Mwana Tumu. Ngwali hatukumlilia?"

Mwana Tumu alikifunga kipembe kwenye pindo la shuka yake, akatoka kwa lango la kusini.

Alimkuta Fumo Sanga ndani ya hema, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, kilemba kimelegea na macho yamekuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa amesimama kama walivyosema. Walinzi walipomlaza kifudifudi aliuma kitambaa asipige ukelele. Mwana Tumu akautazama mgongo ule. Pindo la shuka lilikuwa zito kama limefungwa jiwe. Lakini mkono haukukifungua kipembe. Hakujua kama ni woga au ni kivuli cha Lau kilichokuwa bado kimesimama karibu naye. Akachoma kwa sindano safi, saba, mahali alipofundishwa. Maumivu yakazidi. Fumo akaunguruma, na mlinzi akachomoa jambia.

"Mwache," Fumo akasema akihema. "Mama, umefanya nini?"

"Nimechoma penye haki," Mwana Tumu akajibu, "kwa moyo usio na haki. Nakuchukia, Fumo. Mkono wangu unakuambia."

Fumo akajiinua kwa viwiko amtazame.

"Nimekukosea nini?"

"Nilikuwa na ndugu. Aliitwa Ngwali. Alivaa kikoi cha mistari miekundu, na sikio lake la kushoto lilikuwa na kovu. Alikufa visimani. Niambie alikufaje."

Fumo Sanga angeweza kusema hamjui, maana arobaini walikufa siku ile. Lakini akasema, "Namkumbuka. Alibaki peke yake penye kisima cha katikati, na mkuki wake ulikuwa umevunjika. Nilimwambia ajisalimishe. Akaniambia, 'Dada yangu hunywa maji haya.' Nilimchoma mimi mwenyewe, kwa mkuki. Kisha nikamzika mimi mwenyewe, nikamwelekeza kibla, kwa kuwa sikupenda mtu kama yule azikwe na watumwa."

Mwana Tumu akalia pale pale, mbele ya askari wa adui, kilio ambacho kwa miezi mitatu hakikumtoka. Hakuna aliyemgusa. Alipokwisha kulia akaomba maji, akanawa uso na mikono. Akafungua pindo, akakitoa kipembe, akakiweka chini mbele ya Fumo.

"Hiki nilipewa nije nikuue," akasema. "Sasa lala."

"Tukulaze tena, Fumo?" mlinzi akauliza, rangi imemtoka.

"Nilazeni."

Akamchoma mara ya pili. Safari hii alikwenda polepole, akingojea pumzi ya mgonjwa na pumzi yake ziende pamoja, na kwa kila sindano alimwombea afya yule mtu aliyemuua nduguye. Baadaye alisema kwamba hakuna kazi nzito aliyoifanya duniani kuliko ile. Kama ni sindano, au ni dua, au ni siri ile iliyomtoka Fumo kifuani, yeye mwenyewe hakupata kuamua. Ila jua lilipofika utosini Fumo Sanga alikuwa akikoroma, naye hakuamka mpaka alasiri.

Alipoamka akaketi. Walinzi wakatazamana.

"Omba," akamwambia.

"Ondoka Uwinje."

"Hilo siliwezi. Nimeapa mbele ya watu wangu kutorudi bila siwa. Omba jingine."

"Basi fungua visima siku saba. Wanawake wateke maji."

Akavifungua. Siku saba wanawake wa Uwinje walipita katikati ya mikuki na mitungi vichwani, wala hakuna aliyetupiwa neno. Siku ya nane mawingu yakapanda, na masika yakaingia kabla ya wakati wake. Mabirika yakafurika, mahema ya Shakwe yakazama topeni, homa ikawaingia askari. Mwezi haukuisha, na Fumo Sanga akaondoka bila siwa.

Mji ulipiga ngoma siku tatu. Siku ya nne baraza likamwita Mwana Tumu. Mwinyi Jaha alisema kwamba mkono uliomponya adui hauwezi tena kuaminiwa na mgonjwa yeyote wa Uwinje. Mwana Tumu alichukua sindano zake na pembe za mamaye, akavuka kwenda kijiji cha wakulima upande wa bara, akaishi huko miaka iliyobaki.

Kitabu cha tarehe ya Uwinje, kilichoandikwa na karani wa Mwinyi Jaha, chasema tu kwamba mwaka ule Mungu alileta mvua mapema. Jina la mwanamke hamna. Lakini watu wa kijiji kile hawakuwa na karani, kwa hiyo walikumbuka; nao husimulia kwamba miaka tisa baadaye wachukuzi walifika na machela, na juu yake mzee aliyepooza upande mmoja, kilemba chake cha hariri kimechakaa. Alikuwa Mwinyi Jaha.

Mwana Tumu alitoka shambani na jembe mkononi, akamtazama.

"Hujasahau?" mzee akauliza kwa ulimi mzito.

"Sijasahau," akasema, akaliegemeza jembe ukutani. "Mwingizeni ndani taratibu, msimtikise."

Akaenda kunawa mikono.