Raihana na Chupa Kutoka Kampala

Kila jioni baada ya shule, Raihana alikaa kizingitini mwa duka la mama yake, fundi cherehani wa mtaa wa Muhima, akikata ncha za nyuzi kwenye nguo zilizokwisha kushonwa. Jioni moja mwanzoni mwa mwaka 1990, mkasi ulifanya kazi na mdomo pia.

"Waingereza wana neno moja tu, take," alimwambia jirani yao, Mukantwari. "Kikombe ukikichukua, take. Basi ukilipanda, take. Picha ukiipiga, take. Hata dawa ukiinywa, take!"

"Mama we! Neno moja linabeba mzigo wote huo?" Mukantwari alicheka. "Kweli wewe ni mtoto wa dereva."

Mtaa mzima uliamini hivyo. Shuleni kwao watu walisoma Kifaransa. Kiingereza kilikuwa cha madereva wa malori, na baba yake Raihana, Usumani, alikwenda hadi Mombasa. Basi ilidhaniwa binti amekinyonya ziwani. Kumbe baba alijua maneno ya kuulizia dizeli tu, na hilo take Raihana alilipata juzi darasani, mwalimu alipowagusia Kiingereza. Lakini hakumsahihisha mtu. Sifa ni tamu.

Kesho yake Mukantwari alikuja mbio, mwanawe Shema mgongoni akikohoa hadi machozi.

"Mjomba wake ametuletea dawa hii kutoka Kampala. Nisomee, mwanangu. Nimpe kiasi gani?"

Mama yake Raihana alikuwa amekwenda sokoni. Raihana aliigeuza chupa. Maandishi yalikuwa madogo kama mchanga. Aliona neno moja linalofanana na lile la darasani. Mengine hakuyajua hata kidogo. Mukantwari alimtazama kwa imani yote.

"Anywe... kijiko kimoja," alisema.

"Mungu akubariki."

Mukantwari akaenda kwake, mlango wa pili. Raihana alisikia kizibo kikifunguliwa, kisha kijiko kikigonga chupa. Akaruka, mkasi ukaanguka.

"Mama Shema, usimpe! Nimekudanganya. Sijui kilichoandikwa!"

Kijiko kilikuwa kimefika mdomoni mwa mtoto. Mukantwari alikirudisha polepole. Alimfunga Shema mgongoni, akamshika Raihana mkono, wakashuka hadi zahanati kwa Xavérine, muuguzi aliyelelewa Bukoba na kusomea huko kwa Kiingereza.

Xavérine alisoma mara moja, akasoma tena.

"Hii ni ya kusugua kifuani. Imeandikwa isinywewe. Ingemuunguza koo. Nani aliwaambia ni ya kunywa?"

"Mimi," Raihana alijibu, machozi yakimtiririka.

"Na nani amewazuia kumnywesha?"

"Yeye huyohuyo," alisema Mukantwari.

Xavérine alimpima Shema, akawapa dawa ya kikohozi ya watoto. Njiani Raihana alitembea nyuma, akingoja kukaripiwa. Badala yake Mukantwari alisimama, akafungua kanga, akamweka Shema mgongoni mwa Raihana na kumfunga vizuri.

"Mbebe. Mgongo wangu umechoka."

"Bado unaniamini, Mama Shema?"

"Nisikilize. Kutojua si aibu. Mimi mwenyewe sijui. Aibu ni kumnywesha mwenzako kutojua kwako. Kesho nitakuletea kitu kingine usome. Ukikijua, soma. Usipokijua, sema, twende kwa anayejua. Haya, tembea taratibu, mgonjwa wetu amelala."