Doa la Kichwa cha Mama

Sogea karibu, na kabla sijafungua kinywa, apa. Apa kwa macho yako mawili kwamba hili halitoki hapa, hata kwa mumeo, hata kwa yule shoga yako usiyemficha kitu. Umeapa? Haya. Na mimi niliapa hivyo hivyo, mkono kifuani, na tangu hapo nimewaambia watu wa kuaminika tu, yaani mtaa huu na ule wa nyuma.

Palikuwa na dada mmoja, fundi cherehani, mwenye maneno ya kuhesabika, watu wakamwita Sindano. Alikaa chumba cha uani, yeye na cherehani yake, katika nyumba aliyoacha marehemu mama yake. Nyumba kubwa walikaa kaka yake na mkewe. Huyo mke ndiye Mitindo. Jina tulimpa wenyewe, maana hakupata kuona kitu kwenye simu asikitake nyumbani kwake kabla jua halijazama.

Jioni hiyo Mitindo alimtuma Sindano sebuleni akapime dirisha. Yalitakiwa mapazia mengine, yale ya mwanzo yalikuwa yameshazeeka kabla hayajafuliwa. Sindano akachukua futi yake, akaenda.

Ungeiona hiyo sebule ungecheka mpaka ushike ukuta. Kuta alizipaka rangi aliyosema ndiyo wanayopaka watu wanaojua, nasi tukaona maziwa yaliyochacha. Mito imesimamishwa kwenye makochi kama askari, na ole wako uiegemee. Maua ya plastiki yalifutwa vumbi kuliko watoto wake walivyofutwa kamasi. Na kioo chenye miale pande zote, kama jua lililogongwa na gari.

Ila palikuwa na kitu kimoja kilichomkosesha Mitindo usingizi. Marehemu alikuwa na mahali pake karibu na dirisha, na miaka yote alikaa hapo akiegemeza kichwa ukutani. Kichwa chenyewe kilipakwa mafuta kila asubuhi, na ukuta ukanywa. Likabaki doa la duara, jeusi katikati, la kahawia pembeni. Wanawe walilizoea hata hawakuliona tena. Mitindo aliliona siku ya msiba, machozi hayajamkauka, akauliza kama na hilo nalo lingerithiwa.

Fundi rangi alimweleza kwamba mafuta hayazibwi kwa brashi. Sehemu ile ikwanguliwe mpaka saruji, ipigwe plasta upya, iachwe ikauke. Lakini mashoga zake walikuwa wanakuja kutazama, na mtu kama yule angoje plasta ikauke?

"Paka juu yake," akasema. "Marehemu hana ugomvi na rangi."

Fundi akapaka. Mkono wa kwanza, mkono wa pili, ukuta ukawa laini kama shavu.

Basi Sindano yuko dirishani na futi yake. Mwanga unapungua. Akanyoosha mkono kushika pembe ya juu...

Akasikia harufu.

Mafuta ya nywele. Yale mazito, ya kopo, ambayo katika nyumba ile hayakuwa yamenunuliwa tangu siku ya mazishi.

Akageuka polepole. Doa lilikuwa pale, mahali pake, juu ya rangi mpya. Si kivuli cha doa la zamani kinachochungulia chini ya rangi. Doa bichi. Linang'aa. Akaligusa kwa ncha ya kidole.

Lilikuwa na joto.

Joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Sindano hakupiga kelele, si mtu wa kelele. Alikwenda jikoni akasema, "Wifi, njoo uone." Na hapo ndipo alipokosea, maskini. Mitindo hakutazama ukuta. Alitazama kidole cha wifi yake, kikimeremeta mafuta.

Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na habari. Kwamba Sindano ni mchawi, kwamba anachemsha mafuta uani, kwamba mavazi ya watu anayoshona yana mambo ndani ya pindo. Waliokuwa wanampelekea nguo wakaja kuzichukua, nyingine hazijatiwa vifungo. Mitindo akaita fundi apake tena, doa likarudi. Akatundika picha kubwa ya milima yenye theluji, mafuta yakapenya kwenye turubai mpaka mlima mmoja ukawa kama umeungua. Kila likirudi, sauti ya Mitindo ilipanda. Alitaka Sindano atoke, na chumba cha uani tayari alishakipangia rafu za viatu.

Na kaka mtu? Usinichekeshe. Mwanamume mzima, shingo kama nguzo, akaenda kusimama mlangoni kwa dada yake akitazama vidole vya miguu yake. Alisema si yeye anayetaka atoke. Ni kwa ajili ya amani ya nyumba. Akauliza kama hana rafiki wa kukaa naye.

"Nimezaliwa chumba hiki, kaka," Sindano akamwambia.

Akajibu kwamba anajua, na akaenda zake kula.

Mama mkubwa, dada wa marehemu, ndiye aliyekataa mtu kutolewa kwa maneno ya jikoni. Akaitisha kikao. Siku ilipofika, Sindano akazungumza mbele ya wote, na nadhani ndiyo mara pekee alipounganisha sentensi tatu. Ukuta upakwe upya. Watu wote wakae uani mpaka giza liingie, naye akae katikati yao, mikono ikionekana. Doa likirudi akiwa amekaa hapo, aachwe na chumba chake. Lakini akinyanyuka hata mara moja, ataondoka jioni hiyo hiyo, cherehani aiache.

Mitindo akacheka kwa pua. Aliwaalika na mashoga zake, waje washuhudie mchawi akifungasha. Wakaja wamependeza kama wanakwenda harusini.

Fundi alimaliza mkono wa mwisho jua likishuka, naye akakaa na wenzake. Sindano aliketi kati yake na mama mkubwa, viganja juu ya magoti. Mitindo alikuwa akizunguka na sinia la chai, kilemba chake cha hariri kichwani, akimruka Sindano kila mara kana kwamba ni ndoo tupu. Mashoga wakanong'ona, wakabana vicheko.

Giza likaanza kuingia.

Vicheko vikapungua vyenyewe.

Halafu...

Kwaru.

Fundi akainua kichwa.

Kwaru... kwaru... Taratibu, kama mtu anayejikuna mgongo kwenye gome la mti. Ilitoka ndani. Ikafuata harufu, ikapita juu ya vikombe vya chai, na mama mkubwa akaifahamu kabla ya wengine. Niliambiwa alifumba macho.

"Nani yuko ndani?" akanong'ona.

Watu wakatazamana. Wote wapo. Sindano yupo, viganja magotini, jasho likimtiririka, maana ilibidi ajizuie asisimame. Kila mtu alikuwa akimtazama yeye, kisha wakawa hawamtazami tena. Sinia la chai lilikuwa chini, karibu na kizingiti. Limewekwa vizuri, vikombe havikumwagika.

"Mke wangu yuko jikoni," akasema kaka mtu. Hakuna aliyemwuliza.

Kwaru.

Mama mkubwa akamshika Sindano mkono, akasema huyu sasa ananyanyuka kwa ruhusa. Wakaenda wote, kikundi kimoja kilichobanana, mashoga nyuma kabisa na viatu vyao virefu. Kaka mtu akawasha taa ya simu. Mlango ukasukumwa.

Mitindo alikuwa amekaa sakafuni, juu ya zulia lake ambalo wageni hulivulia viatu. Miguu kainyoosha mbele kama mtoto. Kilemba hakipo. Nywele zile alizozinyoosha kwa siku nzima zilikuwa zimelowa, zinadondosha mafuta mabegani, na alikuwa akisugua kisogo kwenye rangi mbichi, kushoto, kulia, kushoto. Rangi imemgandia masikioni. Macho wazi. Chupa ya mafuta haikuwapo, wala kopo, wala chochote mikononi.

Shoga mmoja akaanza kucheka, akajikuta anacheka peke yake.

"Ni wewe," akasema kaka mtu. "Siku zote hizi ni wewe."

Mitindo akamtazama. Akatazama mashoga zake, mmoja mmoja, na uso wake ukaanza kukunjana kwa aibu, kwa maana alikuwa yeye mwenyewe, akili zake anazo, na alijua amekamatwa mbele ya kila mtu ambaye yeye aliwahi kumdharau. Lakini kichwa hakikuacha kusugua.

Sindano ndiye aliyepiga hatua. Akainama.

"Wifi, toka hapo. Inuka."

"Siwezi," Mitindo akanong'ona. "Anasema bado siegemei vizuri."

Mwanga wa simu ukapanda ukuta. Doa la Mitindo lilikuwa chini, karibu na zulia, lilipofika kichwa chake. Juu yake, kwa kimo cha mtu aliyeketi kitini, lilikuwa lile jingine. Bichi. Linang'aa. Hakuna kichwa kilichokuwa mbele yake.

Na wote waliokuwa mlangoni wakaliona likisogea kidogo, kushoto, kulia.

Kwaru.