Kitambaa cha Kukatiza Barabara

Miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, kila mwenye meza mbili mjini Singida alitaka kibao, na kila mwenye shughuli alitaka kitambaa kikatize barabara. Ndiyo maana Jumatatu ile varanda ya ofisi ya mji ilijaa kama gulio. Wahubiri wa mkutano wa injili walikuwepo, mwenye disko alikuwepo na miwani yake ya jua, na Evodia, msusi wa Utemini, alikuwepo ndani ya gauni la maua ya njano, kitambaa chake amekibana kwapani kama mkeka.

Akarudi nyuma kumpisha mama mmoja, akamkanyaga mtu.

"Pole, kaka."

"Kiatu kimeshazoea. Hiyo ni nini, shuka?"

Mtu mwenyewe alikuwa mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, na futi ya fundi cherehani inaning'inia shingoni. Jina lake Chediel, mkaguzi wa mabango. Alikikunjua kitambaa palepale sakafuni: ONYESHO LA MISUKO, SALUNI YA EVODIA, JUMAMOSI YA KWANZA YA AGOSTI, SAA TISA.

"Utakifunga juu kiasi gani?"

"Watu waone."

"Basi la Arusha likikipitia na matenga ya kuku kwenye keria, kitasomwa Babati." Varanda nzima ikacheka. "Na matundu yako wapi?"

"Ya nini?"

"Ya upepo. Unakata nusu mwezi hapa, hapa, na hapa, upepo upite. Upepo wa Singida haukingwi kwa kifua, dada."

"Nitoboe kitambaa kizima? Mimi nataka bango, sitaki chujio."

Chediel alitabasamu. "Halafu umewahi mno. Kibali hutolewa wiki ya shughuli, na shughuli yako ni Agosti."

"Basi nitarudi."

"Au nitapita kukukumbusha."

Akapita kweli. Alikumbusha Juni, akakumbusha Julai, na kila akija kukumbusha alikaa kwenye kiti cha wateja mpaka wenye nywele zao wakaanza kununa. Asipokuja alipiga simu dukani kwa Idrissa, jirani, naye Idrissa alimwita Evodia kwa sauti ya mnada: "Mama saluni, ofisi ya mji inakuulizia hali."

"Umekula, mpenzi?" Chediel alikuwa akiuliza.

"Nimekula. Na hilo nalo linahitaji kibali?"

Loyce, shoga yake Evodia na mwenzake wa kusuka, hakuwa na imani. "Mwanaume wa umri ule, shati halina kifungo kilichokatika, hana mke? Umemuuliza?"

Evodia hakuwa amemuuliza. Alikuwa amewahi kupenda mume wa mtu bila kujua, na aibu yake ilimfukuza Manyoni akaja kuanza upya hapa. Kila akitaka kuuliza aliogopa jibu, akauliza kuhusu mabango.

Agosti ikafika. Kibali kikatoka kwa sharti la matundu, Evodia akaahidi, lakini mkono ukamkatalia kukitoboa. Jumatano kitambaa kilifungwa kizimakizima. Kufika mchana upepo ulikuwa umekichana katikati, nusu inapunga huku, nusu kule. Madukani marikani ya mabango ilikuwa imekwisha, wahubiri wameimaliza.

"Usilie," Chediel alisema kwenye simu. "Nyumbani ninacho kimoja."

Alhamisi akakipeleka kwa Mzee Antipasi, mchoraji, aliyekipaka rangi nyeupe kote na kuandika upya. Evodia alikwenda kukichukua na mkasi wake wa saluni mkononi, akamkuta Chediel palepale.

"Shikamoo, mzee. Leo nimejifunza. Chediel, haya, toboa."

Chediel akaushika mkasi. Akakitazama kitambaa. Akaurudisha mkasi.

"Hiki kizito," alisema. "Hakihitaji."

Evodia alimtazama mtu wa matundu akikataa matundu. Likamkaa moyoni kama punje katikati ya meno.

Ijumaa asubuhi kikafungwa. Chediel alikikagua jua likimulika maandishi, akaridhika, akaenda kazini. Lakini jua halikai upande mmoja. Alasiri lilipohamia nyuma ya kitambaa, rangi ile nyeupe ikawa kama pazia mbele ya taa, na chini ya maandishi ya misuko yakajitokeza maneno mengine, meusi, makubwa: KARIBUNI HARUSI YA CHEDIEL NA DORIKA.

Idrissa ndiye aliyeyasoma kwanza, tena kwa sauti. Muda si muda barabara ilikuwa imejaa watu wameinua shingo.

"Nilikwambia," Loyce akanong'ona.

Simu ikalia dukani. Evodia aliipokea bila salamu. "Dorika hajambo?"

"Nani kakutajia?"

"Bango lako."

Akakata. Akarudi saluni, akaketi kwenye kiti cha wateja, kitana mkononi. Alitaka kulia, ila swali likamtangulia. Mwenye mke humficha. Hamtundiki juu ya barabara. Na kwa nini alikataa kukitoboa? Punje ile ya jana ikaanza kutoka. Akasimama, akachukua mkasi.

Alimkuta Chediel chini ya nguzo anahema, futi bado shingoni. Juu yao upepo ulikuwa umekijaza kitambaa tumbo, na kamba zinalia.

"Umeoa?"

"Sijaoa."

"Dorika ni nani?"

"Alikuwa awe mke wangu. Kitambaa kilishachorwa, ng'ombe wameshatolewa. Siku mbili kabla ya harusi akapanda basi la Arusha na mtu mwingine. Hakikufungwa hata siku moja. Nikakikunja, nikakiweka sandukuni."

"Miezi yote hii kiti changu unakikalia, hukuweza kusema?"

"Kila nikianza unanichekesha. Mtu aliyeachwa akichekeshwa, anaahirisha."

"Siulizi hilo peke yake," Evodia akasema, sauti imeshuka. "Nauliza hivi. Jana mkono ulikukatalia nini?"

Watu walikuwa wamesogea. Kuna mama aliyeweka beseni lake la vitunguu chini ili asikie vizuri. Chediel aliwatazama, akamtazama Evodia.

"Nilimhurumia," alisema. "Si Dorika. Yule bwana harusi."

Kamba moja ikalegea. Kitambaa kikapiga kofi hewani, watu wakainama. Evodia akamnyooshea mkasi.

"Kitachanika na hiki, na onyesho langu ni kesho. Panda mwenyewe."

Akaleta ngazi ya Idrissa ya miguu minne, akaishika kwa mikono miwili. Chediel akapanda. Nusu mwezi wa kwanza aliukata katikati ya jina la Dorika, wa pili katikati ya jina lake mwenyewe. Upepo ukapita ukipiga mluzi, tumbo la kitambaa likashuka, kamba zikanyamaza.

"Sogeza kushoto," Evodia akaelekeza kutoka chini. "Umeacha harusi."

Jumamosi saluni ilifurika mpaka madirishani. Nusu walikuja kwa misuko. Nusu walikuja kumwona msusi wa kile kitambaa, nao wakaondoka wameshaweka miadi ya kusukwa.

Jumatatu Evodia alirudi kwenye varanda ya ofisi ya mji, gauni lilelile la njano. Chediel alikuwa amepiga magoti anapima bango la mwenye disko.

"Nimekuja kwa kibali," Evodia akasema.

"Cha nini tena?"

"Kitambaa cha kukatiza barabara. Marikani mpya kutoka dukani, haijaandikwa neno."

Chediel akainuka taratibu. Mwenye disko akavua miwani.

"Kiandikwe nini?"

"Hilo utasema wewe, mbele ya hawa."

Akalisema. Varanda ikapiga vigelegele hadi karani wa ndani akatoka kuuliza kuna nini.

"Shughuli ni lini?" Chediel akauliza, akijifuta jasho kwa futi. "Isije ikawa umewahi tena."

"Wewe peleka washenga kwetu Manyoni," Evodia akasema. "Mkasi ninao."