Hakimu wa Mbuzi

Kila jioni Esha alikuwa na kazi mbili: kukoroga mafuta ya mawese ya mama yake uani, na kuchekesha watu. Hiyo ya pili hakuhitaji kutumwa. Mwaka ule wa pili wa Uhuru, mji mzima wa Rumonge haukuwa na mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye mdomo kama wake.

Siku moja dobi Cirhuza, mtu wa Bukavu, alileta koti la kaka yake Esha, Asmani. Asmani alikuwa akisomea sheria Bujumbura, na kesho yake angehudhuria huko mkutano wa mahakimu na mawakili. Koti lilikuwa jeupe kama ugali wa muhogo, limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

Esha alilivaa. Mikono ikamfika magotini. Akamsimamisha mbuzi wao mbele ya sufuria ya mawese iliyokuwa ikipoa.

"Mshtakiwa, umekula mihogo ya jirani?"

Mbuzi akafungua kinywa.

"Nyamaza! Nimeshakuhukumu. Jela miaka kumi!"

Mbuzi hakukata rufaa. Alirusha teke, likapiga mwiko uliokuwa sufuriani. Mawese yakamrukia Esha mgongoni alipogeuka kukimbia. Alisugua doa kwa maji, likatanuka. Basi akalikunja koti, doa likiwa ndani, akaliweka kitandani kwa Asmani.

Asubuhi lori la Bujumbura lilikuwa linapiga honi Asmani alipolikunjua.

"Cirhuza huyu! Ameniharibia!"

"Labda anakaangia ndizi juu ya pasi," Esha akasema haraka. "Mwiteni Dobi Mawese!"

Wote wakacheka, hata baba yao, Mzee Amuri. Asmani akaondoka na koti la baba, lililomwishia juu ya kiuno.

Jina lile lilifika sokoni kabla ya lori kufika Muhuta njiani. Watoto waliliimba. Akina mama walikuja kuchukua nguo zao kabla hazijafuliwa. Esha alipotumwa chumvi, alimwona Cirhuza ameketi mlangoni pake sokoni, kando ya meza tupu, pasi yake ya makaa imepoa.

"Esha, mutoto wa Amuri," Cirhuza akamwita, "wewe unasikia kila kitu. Mimi nimekosa nini?"

Esha alikimbia, akasahau chumvi.

Asmani aliporudi, walikula pamoja. Alisimulia jinsi mawakili walivyobishana, na jinsi koti la baba lilivyofunguka mshono alipopiga makofi.

"Halafu hakimu mmoja mzee akatugeukia sisi wanafunzi. Akauliza, 'Nani kati yenu anaweza kumhukumu mtu bila kumsikiliza? Ainue mkono.' Hakuna aliyeinua. Hata mimi, ng'o!"

Esha akarudisha tonge sahanini.

"Kaka," akasema, "wewe ulipaswa kuinua."

"Mimi? Nimemhukumu nani?"

"Cirhuza. Na mimi ningeinua yote miwili." Kisha akaeleza yote, mbuzi, mwiko, doa, huku machozi yakidondokea mchuzi. Safari hii hakuna aliyecheka.

Asmani alisukuma sahani. "Hata sikumwuliza," akanong'ona. "Nilipita mbele ya mlango wake, sikumwuliza."

Asubuhi wote watatu walikwenda kwa Cirhuza. Mzee Amuri na Asmani waliomba radhi wakiwa wamevua kofia, na Esha akamsimulia hata kesi ya mbuzi. Kisha Esha akapanda juu ya kreti sokoni na kupaza sauti ileile iliyozusha jina la Dobi Mawese:

"Jamani! Koti nililichafua mimi! Cirhuza hana kosa!"

Watu walimzomea. Alisimama mpaka wakamaliza. Mama mmoja akarudisha shuka zake kwa dobi, na mwingine akafuata.

"Esha," Mzee Amuri akasema, "sikukatazi kuchekesha. Lakini juzi kicheko chako kilikuwa pazia, ukajificha nyuma yake na kumwacha mwenzako juani. Ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajalipia."

"Ndiyo, Baba."

Cirhuza alikuwa akipuliza makaa. Aliinua macho.

"Na yule mbuzi, hakimu? Ameshatoka jela?"

Esha alicheka huku machozi yakimtoka, akaenda kumtafutia dobi makaa mengine.