Blanketi la Nguo za Mama

Kila asubuhi Mwashi aliwasha jiko, akakoroga uji, akamwamsha binti yake. Mtoto alikuwa na miaka sita. Watu walimwita Sisimizi, maana alikuwa mdogo na hakuchoka kubeba vitu. Siku hizi alibeba kitu kimoja tu, gauni la mama yake. Alikula nalo, akalala nalo. Mchana alikaa nalo mlangoni, akitazama barabara.

Mama yake alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa figo. Siku ya mazishi Sisimizi alikuwa kwa shangazi yake. Aliporudi, aliuliza mama yuko wapi. Mwashi alitafuta maneno, akayakosa. Akasema mama amesafiri. Tangu siku hiyo uongo huo ulikaa nao nyumbani kama mgeni asiyeaga.

Gauni likachanika. Mwashi alijua kujenga ukuta, lakini sindano hakuijua. Alikata kipande cha suruali yake ya kazi, akakishona juu ya tundu kwa uzi mnene, akiuvuta kwa nguvu zake zote. Lilipofuliwa, kiraka kilibaki kizima, ila gauni likararuka pande zote za kiraka. Sisimizi hakupiga kelele. Aliingia chini ya kitanda, akajikunja. Uji ukapoa. Kesho yake pia ukapoa.

Mwashi alikuwa amefika mwisho wa akili yake. Alilikunja gauni, akaenda kwa jirani, fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa kuwa hakuweza kumsalimia mtu bila kumkagua pindo la nguo.

Mama Pindo aligeuza gauni ndani nje, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"Shemeji, nguo hii imechoka," alisema. "Umeibebesha kiraka kizito kuliko yenyewe. Nguo kuukuu haitaki kuvutwa. Unaiwekea bitana nyuma, kitambaa chepesi lakini imara, ndipo unashona."

Mwashi akamwomba aiweke hiyo bitana. Mama Pindo alikubali, ila akamtaka aje Jumamosi na mtoto, na nguo nyingine za marehemu. Kila Jumamosi mchana marafiki zake walikutana kwake kushona mablanketi ya viraka kwa mkono. Mwashi alisita, akasema vidole vyake vimezoea matofali. Mama Pindo akamwambia asiogope. Mmoja wao, muuza mboga, siku yake ya kwanza aliishona sketi yake mwenyewe pamoja na blanketi, akashindwa kuinuka.

Jumamosi walikwenda na mfuko wa nguo. Waliwakuta muuza mboga na mkunga mstaafu wamekaa kwenye mkeka, vitambaa vimetapakaa. Mama Pindo akamrudishia Sisimizi gauni lake, sasa lina bitana, kisha akamfundisha Mwashi. Vitambaa vyote hufuliwa kwanza, visije vikapungua au kuchuja rangi baadaye. Vipande hukatwa kwa kipimo kimoja cha boksi gumu. Viwili hulazwa pande zao nzuri zikitazamana, vikashonwa nafasi ya upana wa kidole kutoka ukingoni. Kisha kingo za mshono hulazwa kila moja upande wake, zikapigwa pasi.

Sisimizi alimtungia mkunga uzi kwenye sindano, kwani macho ya bibi huyo hayakuliona tena tundu. Huku wakishona, wanawake walipiga soga, wakataniana. Mkunga akamtaja mwanawe aliyekufa zamani, jinsi alivyopenda kulala na viatu. Alimtaja kwa urahisi, kama mtu aliyetoka sasa hivi. Mwashi alishangaa.

Kisha Mama Pindo akachukua gauni moja kutoka kwenye mfuko wa Mwashi, akaushika mkasi. Sisimizi akamdaka mkono.

"Usikate. Mama akirudi atavaa nini?"

Sindano zote zikasimama. Mkunga akamwinamia Mwashi sikioni.

"Mwanangu, msafiri hungojewa," alinong'ona. "Mtoto huyu atangoja mlangoni mpaka lini? Mwambie neno lenyewe. Sisi tupo hapa."

Mwashi akapiga magoti mbele ya binti yake.

"Mama hatarudi," alisema. "Aliugua. Madaktari walijaribu, wakashindwa. Mama alikufa. Niliogopa kukuambia."

Sisimizi akauachia mkono wa Mama Pindo.

"Nilijua," alisema. "Watoto wa jirani waliniambia. Nilidhani wewe hujui."

Mwashi alilia mbele ya wanawake wale, na hakuna aliyemwambia ajikaze kiume. Muuza mboga alimpakata mtoto.

Siku ile hawakukata nguo. Mama Pindo alisema nguo ya marehemu haina haraka, ikatwe mtoto mwenyewe akiridhia. Jumamosi zikapita. Siku moja Sisimizi alichagua gauni mwenyewe, akalinyoosha mkekani, akasema waanze na hilo.

Mishono ya kwanza ya Mwashi ilikwenda upogo. Akafumua, akarudia. Vipande vilipoungana, walitandika shuka chini, blanketi kuukuu katikati, viraka juu. Wakashona kutoka katikati kwenda pembeni, ili lisifanye mikunjo. Kwa kila kipande Sisimizi aliuliza mama alikivaa lini. Majibu mengine yaliwachekesha wote. Mengine Mwashi hakuweza kuyamaliza.

Baridi ilipoanza, blanketi lilikuwa tayari. Sisimizi akarudi kula. Mlangoni hakukaa tena. Zilikuwapo siku mbaya bado, siku ambazo baba au mtoto hakutaka kuinuka. Siku hizo walibisha hodi kwa Mama Pindo, wakapewa sindano na mahali pa kukaa.

Jioni moja Sisimizi alijifunika blanketi hadi kidevuni.

"Baba, mama aliumwa sana?"

"Sana."

"Ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye. Nilimshika mkono mpaka mwisho."

Mtoto akasogea ukutani, akainua ncha ya blanketi, akamwachia baba yake nafasi.