Fundo Lililoangalia Chini

Fundi alikwenda mnadani kununua pampu. Pampu ya dizeli, moja, ya trekta la mteja. Mkewe alimkumbusha mara mbili kabla hajavaa viatu, na mara ya tatu akiwa ameshafika mlangoni, kwa kuwa anamjua. Mtu huyu ukimtuma sabuni na njiani akasikia injini inakohoa, sabuni utaiona kesho kutwa.

“Baba Watoto, pampu tu,” alisema. “Hela iliyobaki ni ya bati.”

“Nimesikia.”

“Kusikia unasikia sana. Tatizo ni kutenda.”

Tusidanganyane, kilichomtia mama huyu wasiwasi si bati peke yake. Mnada ulikuwa kwenye lile shamba. Miaka tisa walikuwa wakiliona kwa mbali tu, hata njia ya mkato inayopita ukingoni mwake hawaikanyagi. Ndiko alikofia mdogo wake Fundi.

Huyo mdogo mtu aliitwa Kumi na Nne. Jina alipewa na Fundi mwenyewe gerejini, maana kila akilala chini ya injini alikuwa akinyoosha mkono nje bila kuangalia, kiganja juu, akisubiri awekewe spana namba kumi na nne. Haombi, hashukuru. Ananyoosha tu kama mtu anayedai haki yake. Baadaye akapata kazi ya kuendesha trekta la Mzee mwenye shamba, na msimu wa pili trekta likampindukia mtaroni. Hivyo ndivyo walivyoambiwa. Sanduku lilikuja limeshapigwa misumari, na Mzee akashauri lisifunguliwe, mama yao asije akaona ya kuona. Wakazika.

Watu wakasema yao. Kwamba tangu siku hiyo Mzee hakuajiri dereva mwingine, lakini kila msimu shamba lake linakutwa alfajiri limeshalimwa, mistari imenyooka... Fundi alikuwa akisikia na kubadili mazungumzo. Sasa Mzee naye alikuwa amekufa, miezi miwili imepita, na mjane wake alikuwa anauza kila chenye magurudumu.

Mnada ulitangazwa wa saa nne asubuhi. Dalali akafika saa tisa alasiri, kipaza sauti chake kikagoma mpaka saa kumi, kwa hiyo kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshafika nusu ya ua wakati kitu cha kwanza kinauzwa. Magari ya zamani yalipangwa mstari mmoja: madigadi ya mviringo, taa zilizotokeza kama macho ya chura, viti vya ngozi vilivyopasuka. Ndani ya moja kuku alikuwa ameatamia kwenye kiti cha nyuma na hakutaka kusumbuliwa.

“Masharti mnayajua,” Dalali alisema. “Kitu kinauzwa kama kilivyo, na vyake vyote. Hili gari linakwenda na kuku wake. Ukishaweka sahihi, usinirudie na kesi za mayai.”

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, kisha akaona aibu, maana pale hapakuwa mahali pake pa kuchekea.

Pampu aliyoitaka ilikuwa kwenye meza ya vipuri, nzima kabisa. Angesubiri zamu yake, akainunua, akaenda zake. Lakini matrekta yalikuwa bandani nyuma, matatu, na miguu ikampeleka. La mwisho lilikuwa jekundu lililopauka. Alilijua hata kabla hajalifikia: ndilo alilokuwa akiendesha mdogo wake.

Akafanya anachofanya fundi yeyote akishikwa na hofu mbele ya mashine. Alilikagua.

Sanduku la betri halikuwa na betri, panya walikuwa wamezalia humo. Tangi kavu, kutu mpaka mdomoni. Ungeapa kwamba injini ile haijawaka miaka. Lakini kwenye tairi la nyuma kulikuwa na udongo. Akaubonyeza kwa kidole gumba. Ulikuwa mbichi.

Akanusa. Moshi wa dizeli... na jasho la mtu.

Akaweka kiganja juu ya injini.

Ya moto.

“Ni jua hilo,” alijiambia. Jua lenyewe lilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Ndipo alipoliona bomba la dizeli. Lilikuwa limepasuka, na mtu akalifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mizunguko mitatu. Ncha imekatwa mshazari. Fundo limeangalia chini, ili vumbi lisikae. Mafundi wote hufunga fundo juu, ambako mkono unafika kwa urahisi. Chini walifunga watu watatu tu duniani: baba yao, aliyekufa zamani, Fundi mwenyewe, na yule waliyemzika. Gundi kwenye mpira ilikuwa bado inanata.

Akaihesabu tena kwa kidole, moja, mbili, tatu. 

“Mwanangu.”

Aligeuka. Mjane wa Mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda, bibi mdogo wa umbo, mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi. Hakuingia ndani. Alinong’ona kutoka pale pale.

“Usiinue mkono kwa hilo. Mwache yule wa vyuma chakavu alichukue. Ana mitungi ya gesi kwenye lori lake, atalikata leo leo.”

“Kwa nini, Bibi?”

“Likiwa zima hapumziki.”

“Nani hapumziki?”

Bibi aliitazama mikono ya Fundi, ile mikono mipana yenye grisi kwenye mikunjo, akaitazama kwa muda mrefu.

“Mnafanana mikono,” alisema. “Mimi sikuwa na sauti katika nyumba hii. Sasa ninayo kidogo. Nisikilize.”

Akaondoka. Na hapa ndipo msimuliaji anapotamani kumshika Fundi shati. Ameambiwa. Kwa Kiswahili chepesi, na mtu aliyeishi na jambo lenyewe. Lakini jiweke mahali pake. Kichwani mwake hakuona kupumzika. Aliona moto wa gesi ukipita katikati ya kitu alichokishika mdogo wake asubuhi ile ile.

Dalali alipolifikia trekta jekundu, jua lilikuwa limebaki kipande. Aliyekuwa akilitaka ni mmoja tu, Mzee Chuma, yule mnunuzi wa vyuma chakavu, mtu mnene mpole anayenunua kwa kilo na hana haja na historia ya kitu. Alitaja bei yake huku anapiga miayo.

“Mara ya kwanza,” Dalali alisema. “Mara ya pili...”

Fundi akainua mkono.

Mzee Chuma akageuka, akashangaa, akaongeza. Fundi akaongeza. Ikaenda hivyo mara nne, mpaka hela ya pampu ikaisha, ikaingia ya bati, na ya bati nayo ikafika ukingoni. Kule mbele mjane alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kushoto, kulia. Mzee Chuma akacheka, akanyoosha mikono.

“Chukua, ndugu yangu. Mimi sigombani na mtu anayelia.”

Fundi hakuwa anajua kwamba analia.

“Kama lilivyo, na vyake vyote,” Dalali alisema, akamsogezea karatasi. Fundi akaweka sahihi.

Wakati trekta linapakiwa kwenye lori la kukodi, mjane alimpitia karibu bila kusimama. “Basi lifungue,” alinong’ona. “Lote. Isibaki nati juu ya bolti. Na likishafunguliwa, mwambie aende. Mwambie kwa mdomo wako.”

Nyumbani mkewe alitoka akiwa na taa, akaliangalia trekta, akamwangalia mumewe. Alikuwa amejiandaa kusema mengi kuhusu bati. Fundi akamwita karibu, akamwonyesha bomba na lile fundo. Mama Watoto akaweka taa chini.

“Mama yako asijue,” alisema. Mambo ya bati hayakutajwa tena.

Siku tatu Fundi alifungua. Akatoa pampu, akatoa bomba, akashusha silinda hedi, akavua magurudumu. Nati akazitia kwenye makopo, makopo akayapanga ukutani, kila kitu mbali na mwenzake. Jioni ya siku ya tatu lilibaki fremu tupu juu ya magogo. Mkono ulimwasha. Gerejini kwao kulikuwa na sheria moja waliyoirithi kwa baba: injini hailali wazi. Ukiifungua, utaifunga kabla ya kulala, hata kama umechoka vipi. Hii ataiacha wazi, tena kwa makusudi.

Akasimama katikati ya vyuma. Alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi yake. Mdogo wangu, kazi imekwisha, nenda ukalale.

Haikutoka. Akasema ataoga kwanza.

Akaoga. Akaketi kula. Tonge la pili lilikuwa halijafika mdomoni...

Kling.

Mkewe akamwangalia.

Kling... kling.

“Paka,” Fundi alisema.

“Paka gani anayekaza nati?” mkewe alisema kwa sauti ya chini.

Kukawa kimya. Walipofika gerejini chakula mezani kilikuwa bado kinatoa mvuke. Trekta lilikuwa limesimama juu ya magurudumu yake manne, zima. Makopo yote matupu. Bomba limefungwa upya, mizunguko mitatu, fundo limeangalia chini.

Fundi akakaa kwenye ndoo. Alikumbuka jioni moja mdogo wake akiwa na miaka kumi na sita, alipoacha injini wazi akaenda kulala. Fundi alimwamsha kwa makofi. Akamsimamia mpaka alipokaza nati ya mwisho, machozi na kamasi vinamtiririka. “Utafunga hata ukifa,” alimwambia. Maneno ya hasira tu, ambayo kila kaka ameshawahi kuyasema.

“Ni mimi,” alisema. “Nilimfundisha vizuri mno.”

 Asubuhi mkewe alichukua simu mwenyewe, akampigia Mzee Chuma, akamwambia aje kesho na mitungi yake, achukue bure. Kisha akamshika mumewe mashavu kwa mikono miwili, jambo ambalo hakulifanya tangu wakiwa wachumba.

“Leo umwambie,” alisema. “Kesho likatwe. Mpe ruhusa yake, Baba Watoto. Amechoka.”

“Nitamwambia.”

Na alikusudia, msimwone mwongo. Mchana akachomoa pampu na bomba tu, ili mwenye kufunga aje. Jioni akafunga mlango wa gereji, akakaa kwenye ndoo karibu na gurudumu la mbele. Taa hakuwasha. Mwanga wa mwisho ulikuwa unaingia kupitia matundu ya bati bovu, yale matundu waliyokuwa wayazibe. Mbu wakaanza. Mfukoni alikuwa na spana moja.

Harufu ilitangulia. Udongo mbichi... dizeli... jasho. Jasho analolijua, la mtu aliyelala naye kitanda kimoja utoto mzima.

Chini ya injini kitu kikasogea. Kikajigeuza, taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kuweka mgongo.

Fundi akafungua mdomo.

“Mdogo wangu...”

Kule chini kukatulia. Kukasubiri.

Sasa ndio wakati wenyewe. Maneno yalikuwa tayari ulimini, manne tu. Kazi imekwisha, nenda ukalale. Lakini kutoka chini ya trekta mkono ulikuwa unatoka. Mwembamba, ngozi imekakamaa juu ya mfupa, udongo umejaa kwenye kucha. Ulitoka mpaka kwenye kiwiko. Ukanyooka. Ukageuka, kiganja juu.

Haukuomba. Ulisubiri tu, kama mtu anayedai haki yake.

Miaka tisa. Miaka tisa Fundi alikuwa akifanya kazi peke yake katika gereji ile, na mara ngapi amejikuta ameshika spana, ameinama kuiweka mahali ambapo hapakuwa na mkono.

Akaitoa mfukoni. Akaiweka.

Vidole vikafunga. Baridi yake ilimpanda mpaka begani, na hakujali. Mkono ukarudi chini, na nati zikaanza kukazwa, moja baada ya nyingine, kwa ule mwendo wake wa haraka haraka wa siku zote. Fundi akaegemeza kichwa kwenye tairi, akalia kwa furaha.

Mzee Chuma alifika asubuhi, lori linatingisha mitungi. Alimkuta Fundi amesimama mlangoni mwa gereji, ufunguo mkononi.

“Siliuzi,” Fundi alisema. “Wala silitoi bure. Samahani kwa usumbufu.”

Mzee Chuma akachungulia juu ya bega lake, akanusa kidogo, akarudi kwenye lori bila kubisha. Aliondoka kwa kasi zaidi kuliko alivyokuja.

Mama Watoto alikuwa nyuma ya nyumba. Mumewe alipomfuata alimkuta amesimama ukingoni mwa kile kishamba chao kilichokaa misimu miwili bila kuguswa, kwa sababu hela ya kukodi trekta haikuwahi kupatikana. Kilikuwa kimelimwa chote. Udongo mweusi, mbichi, unatoa mvuke asubuhi ile, na mistari imenyooka mpaka kwenye ua wa jirani.

“Hukumwambia,” alisema bila kugeuka.

Fundi akaja kusimama kando yake. Alikuwa anaiangalia mistari, anaihesabu kwa macho, na uso wake ulikuwa na utulivu ambao mkewe hakuupenda hata kidogo.

“Mwache amalizie msimu huu,” alisema.