Ndege wa Kifua Chekundu

Adhuhuri ile Ruba alisikia dirisha la jikoni likigongwa. Alipovuta pazia aliona ndege mdogo mwenye kifua chekundu. Kilichomshtua ni kwamba ndege alikuwa ndani, na nyumba yao katika mtaa wa Al Khoudh ilikuwa imefungwa kote kwa ajili ya joto.

Alimjua. Ndege kama hao aliwaona kijijini Ayalandi, alikosomea. Bibi mwenye nyumba aliyopanga alimwambia kuwa ndege huyo akiingia ndani analeta kifo, na anayemuua huvimba mkono wa kulia.

Kabla hajasema neno, mumewe Khattab alishampiga yule ndege kwa kandambili.

"Ungemfungulia mlango tu," Ruba alinong'ona.

"Ndege tu huyu."

Khattab alipoinama kumwokota, sakafuni hapakuwa na kitu ila harufu ya udongo uliolowa mvua.

Kufika alasiri mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba, vidole havikunjiki, na ndani ya ukuta mbawa zikaanza kupapatika, kwanza nyuma ya friji, kisha juu ya dari, kisha kwenye chumba cha kulala, Ruba na mumewe wakawa wanahama chumba hadi chumba, hawakai, hawali, na popote walipokwenda mbawa zilikuwa zimeshatangulia.

Bi Nasriya, mamake Khattab, alifukiza ubani akamwita Shekhe Maan. Shekhe alimwekea Khattab mkono kichwani, akasoma. Mdomo wa Khattab ukafunguka, ikatoka sauti nyembamba kama mluzi.

"Sikuja kwa nguvu. Niliitwa."

"Nani kakuita?"

"Mkewe."

Wote wakamtazama Ruba.

"Kweli, Shekhe," alisema taratibu. "Kule nlikuwa peke yangu. Alikuwa akija dirishani, nampa makombo ya mkate. Siku ya kuondoka nkamwambia, twende kwetu."

"Basi muage mwenyewe, mwanangu," Bi Nasriya alisema kwa sauti ya chini. "Nna mtoto mmoja tu."

Ruba akapiga magoti mbele ya mumewe. "Ahsante kwa kukaa na mimi. Lakini hapa si kwako. Nenda."

Khattab alishusha pumzi ndefu. Mbawa zikanyamaza. Vidole vyake vikakunjika kimoja kimoja, na Bi Nasriya akalia.

Magharibi Ruba alitoka uani kuanua nguo. Mwarobaini wa jirani ulijaa shomoro, ambao saa kama ile hupiga kelele mpaka adhana. Leo walikuwa kimya, wote wamegeukia upande wake. Kitu chepesi kikatua begani mwake, na baridi ya vidole vidogo ikapenya kwenye nguo.